Jina la Baba Mdogo Kwenye Jiwe

Wiki moja kabla ya Siku ya Mashujaa huwa wanafanya mazoezi kule uwanjani, na upepo wa Sumbawanga ukivuma kutoka upande huo, sauti ya tarumbeta hunifikia hapa Chanji nikiwa naanika nguo. Mpigaji wa mwaka huu bado kijana, nadhani. Anapanda vizuri mpaka katikati, kisha sauti ya juu inamshinda, inapasuka, anaanza upya. Jirani zangu wanamcheka. Mimi naacha nguo kwenye beseni, naingia ndani, nafunga dirisha. Ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, na bado tarumbeta ile ikilia najificha kama mtoto wa miaka tisa.

Nitawaambia sababu, na nitaanza na jambo lenyewe ili msije mkanilaumu kwamba niliwaficha. Mbali kabisa na hapa, Kagera, kuna mnara wa taifa wa wanajeshi waliokufa katika vita vya Kagera, na kwenye jiwe lake yamechongwa majina. Moja ni la baba yangu mdogo, Kasiano. Siku jina lile linaandikwa, Kasiano alikuwa hai, anakula, anatembea, anauza samaki. Aliyelipeleka jina lake kwa wafu ni mimi, kwa mkono wangu, kwa mwandiko ambao mwalimu aliusifia.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja mbele ya Kaengesa, mahali ambapo nchi imekaa wazi, miti ya kuhesabu, na upepo wa Juni na Julai haukuti kitu cha kuuzuia. Ukisimama mlangoni kwetu uliliona shamba letu lote, na shamba letu lilikuwa matuta. Sisi Wafipa tunalima matuta ya duara: unakata nyasi, unazifunika kwa udongo, unaziacha zioze humo ndani, halafu msimu unaofuata unalitawanya tuta na kusia ulezi. Kwa mkulima ile ni mbolea. Kwangu mimi, jioni ya baridi, ukungu ukishuka, yalikuwa makaburi, mamia kwa mamia, na nilikuwa siendi chooni bila kuimba. Niliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa mpaka Bibi akaniambia Mungu naye ana masikio, nipunguze.

Bibi alikuwa mama yake baba, na nyumba ilikuwa yake, sisi wengine tulikaa kwa hisani. Watoto wake wa kiume walikuwa wawili: baba yangu, na Kasiano, ambaye nilimjua kwa picha tu. Picha ilitundikwa ukutani karibu na rozari. Kijana mwembamba, amevaa sare ya mgambo inayompwaya, amebana midomo kama mtu aliyeambiwa asicheke. Alikwenda vitani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wenzake waliporudi, yeye hakurudi. Haikuja barua ya kusema amekufa, wala hakutokea mtu aliyemwona akianguka. Mwaka wa kwanza walikuja askari wawili kuuliza kama ameonekana, na Bibi akawauliza wao, kwa kelele, walimweka wapi mtoto wake. Wakaondoka. Tangu hapo wakubwa wakiulizwa habari za Kasiano walijibu neno moja, "Alipotea," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kuhusu vita vyenyewe, watu wazima hawakukubaliana, nami niliwasikiliza kwa sababu walidhani nimelala. Wote walisema adui alivuka mpaka na ilibidi atolewe. Ubishi ulianzia mbele ya hapo. Kuna waliosema tulifanya vyema kumfuata mpaka kwake na kumng'oa. Kuna waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba kazi ingeishia mpakani, na kwamba sabuni na sukari zilizopotea madukani zilipotelea kule pamoja na watoto wa watu. Baba hakuwa na upande. Ubishi ukianza, baba alikuwa anatoka nje kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe ametoka kuwaangalia sasa hivi.

Kila jioni tulisali rozari, na mwishoni Bibi alitaja majina. Majina yale yalikuwa na mpangilio wake. Kwanza wazima, tuwaombee afya. Kisha alipumua kidogo, akasema, "Na marehemu wetu," wakafuata waliokufa, kuanzia babu. Kasiano alitajwa kwa wazima, baada ya baba yangu na kabla yangu, kila jioni. Nilidhani Bibi amezeeka, anachanganya mafungu. Siku moja nikajitia ujuzi, nikamsahihisha mbele ya wote: "Bibi, Baba mdogo yuko kwa marehemu." Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. Bibi alirudia orodha yote tangu mwanzo, polepole, na alipofika kwa Kasiano alimtaja mara mbili.

Sasa nije kwa muuza samaki. Mara mbili tatu kwa mwaka alikuja mtu kutoka Bondeni, chini kwenye Ziwa Rukwa, amepanda ule mteremko wote kwa miguu na tenga la samaki wakavu kichwani. Aliitwa Selemani. Alikuwa na ndevu nyingi, na upande wa kushoto wa uso kovu pana lililouvuta mdomo, hata ukashindwa kujua kama anacheka au anaumwa. Hakupita njia ya kijijini. Alikata shamba, katikati ya matuta, mchana kweupe, saa ambayo watu wote wako kazini, akaingia kwetu kwa mlango wa nyuma na kumwamkia Bibi, "Shikamoo, mama." Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ndogo sana.

Bibi nilimjua kwa ubahili. Chumvi alikupimia kwa ncha za vidole. Lakini Selemani akija, kuku anachinjwa. Kuku, kwa ajili ya muuza samaki! Mimi mjukuu wa damu nilipewa shingo na miguu, nikatafuna nikiwa nimenuna, nikimtazama yule mgeni akipewa mapaja yote mawili. Alikula jikoni, amekaa kwenye kigoda, mgongo umegusa ukuta, uso umeelekea mlangoni. Bibi hakula. Alikaa mbele yake anamtazama, na mara moja moja alinyoosha mkono akamwondolea kijiti au unyasi kwenye shati. Nilifikiri labda anataka apunguziwe bei.

Alinipenda yule mtu. Aliniuliza masomo, akaniambia nimsomee kitabu changu cha darasa la tatu, akasikiliza mpaka mwisho. Siku moja akaniuliza, "Wewe unafanana na nani hapa nyumbani?" Nikamjibu kwa maringo kwamba nafanana na Baba mdogo Kasiano, yule wa kwenye picha, aliyekufa vitani. Aliacha kutafuna. Akiwa na tonge mkononi akasema, "Basi umefanana na mtu mzuri," akalirudisha tonge kwenye sahani.

Mmeshamjua ni nani. Mimi sikumjua, na nyumba nzima ilihakikisha sijui, kwa sababu mtoto ni mtoto, akitumwa kisimani atamwaga kila kitu kwa wenzake. Baba aliniambia baadaye sana, nikiwa nimeshaolewa na kuzaa, kwamba Kasiano alipigana vizuri mpaka mpakani na hata ng'ambo ya mpaka. Kuna kijiji walichokifikia huko, na kilichotokea hapo hakukisimulia hata kwa mama yake. Alisema tu kwamba alimkuta mama mmoja ameanika ulezi uani, na kwamba baada ya siku ile mikono yake haikukubali tena bunduki. Aliiweka chini ya mti, akaanza kutembea. Alitembea miezi. Huo kwa jeshi ni utoro, na kijijini kila mtu aliamini mtoro wa vita akikamatwa, kwao hawamwoni tena. Kilichomlinda ni kovu, ndevu, jina lisilo lake, na mdomo wa watu watatu ndani ya nyumba yetu.

Nje ya nyumba yetu kulikuwa na Balozi, mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa mzee mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuja wakati ambao hukumtegemea na kusimama uani kabla ya kupiga hodi. Ndiye aliyeandika majina ya vijana wa mgambo wakati wa vita, na ndiye aliyewasindikiza mpaka kwenye lori. Nadhani jambo hilo lilimkaa rohoni, maana wale ambao hawakurudi aliwafuatilia mmoja mmoja, msiba mmoja mmoja, mpaka pombe.

Pombe hiyo lazima niieleze. Kwetu mtu akifa hamalizwi kwa kuzikwa tu. Muda ukipita, mama wa nyumba anaotesha ulezi, anausaga, anapika pombe, ukoo unakuja kunywa, nguo na jembe la marehemu vinagawanywa, na watu wanaondoka wakijua msiba umekwisha. Hata kwa asiye na kaburi, kama wale wa vitani, pombe ilipikwa. Nyumba zote za kijijini zilizopoteza mtoto zilishapika. Yetu bado.

"Mama," Balozi alikuwa anamwambia Bibi, anatabasamu, "pombe ya Kasiano tutaionja lini?"

"Ulezi haujatosha, Balozi."

"Mwaka jana si ulijaza vihenge viwili?"

"Uliingia wadudu."

Balozi anatikisa kichwa, anasema pole, anazungusha macho uani, taratibu, kigoda, chungu, kamba ya nguo, anaaga. Bibi anabaki ameshika ukingo wa kinu. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi na sikuelewa kwa nini mtu mwenye nguvu kama yeye anahitaji kuegemea kinu kwa ajili ya pombe.

Ndipo shuleni mwalimu wetu akatuambia kwamba serikali inakusanya majina. Mnara mkubwa wa taifa unajengwa Kagera, alisema, na kila aliyekufa kwa ajili ya nchi ataandikwa, hata wa kutoka kijiji kidogo kama chetu. Mwenye ndugu aliyefia vitani aandike jina lake kwenye karatasi. Na siku ya kumbukumbu, watoto wa mashujaa watapelekwa mjini kwa lori, watakaa mbele kwenye viti, watapewa soda.

Nisiwadanganye, ni soda. Nilishaonja soda mara moja maishani, kwenye harusi, nikigawana chupa na watoto watano. Na ni viti vya mbele pia, na wivu wa wenzangu, na ile sura ya picha ukutani ambayo nilijivunia bila kuwa na kazi nayo. Nikaandika: Kasiano Mateo, baba yangu mdogo, alikufa kwa ajili ya nchi yetu. Niliikoleza herufi ya kwanza kwa kalamu mara mbili. Mwalimu akainua karatasi yangu, akawaonyesha darasa zima mwandiko unavyotakiwa kuwa.

Nilikimbia nyumbani njia nzima. Bibi alikuwa anapepeta, Baba ananoa jembe, Mama anamenya maharage. Nikawatangazia. Ungo wa Bibi ulisimama hewani, ulezi ukamwagika upande mmoja, chini, kidogo kidogo, naye hakuuona. Baba aliniuliza, "Karatasi iko wapi?" Nikasema ameichukua mwalimu. "Na mwalimu kampa nani?" Nikasema kampa Balozi.

Nilisubiri sifa. Baba akaingia ndani akakaa kitandani na viatu. Sikuchapwa, hata kukaripiwa sikukaripiwa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Usiku ule rozari ilisaliwa haraka, na Bibi alipofika kwenye majina alitaja la Kasiano akanyamaza hapo hapo, wengine wote tukabaki bila kuombewa.

Mtauliza kwa nini hawakwenda kulifuta. Niliuliza hivyo hivyo nilipokuwa mkubwa. Ungesema nini? Ukisema hajafa, utaulizwa yuko wapi. Balozi alikuja kesho yake na fomu kutoka mjini, akaiweka magotini kwa baba, akamwonyesha pa kuweka sahihi. "Mnakubali kwamba ni marehemu?" aliuliza, na alimwuliza baba lakini alimtazama Bibi. Baba alitia sahihi. Mkono ulimteleza, akatoboa karatasi. Balozi akasema haidhuru, jina linasomeka.

Bibi na Baba walitaka kumpelekea Kasiano habari Bondeni, na hawakuwa na mtu wa kumtuma asiyeuliza. Walisema akija tutamwambia. Hakuja. Ule mwezi ulikuwa wa baridi mbaya, umande uliganda juu ya matuta yakawa meupe asubuhi, na Bibi alikuwa anaamka mapema kusimama nyuma ya nyumba, amejifunika kaniki, anatazama upande wa mteremko. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kwenda mjini. Nilimwambia kila mtu. Niliwaahidi wenzangu wawili kuwaletea soda kwenye kizibo.

Siku yenyewe tulipanda lori la mahindi, tumejifunika magunia, mpaka Sumbawanga. Sikuwahi kuona watu wengi vile. Uwanjani palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa mpya, inanuka mpaka kwenye viti, na kamba imezungushwa kutenganisha sisi ndugu wa mashujaa na umati. Tulikaa mstari wa kwanza: Baba, Bibi, mimi, na Balozi pembeni yangu, kwa kuwa alisema ni wajibu wake kuwa na watu wake. Soda nilipewa. Ilikuwa ya machungwa. Nilikuwa nimekunywa nusu tarumbeta ilipolia.

Wimbo ule ni mzito, unapanda polepole kisha unakaa juu, na uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto. Halafu akasimama afande mmoja mwenye kifua kipana, akafungua daftari. Hayo ndiyo majina, alisema, yatakayokwenda kuchongwa kwenye mnara wa taifa. Akaanza kuyaita. Aliyaita kama yanavyoitwa kwenye paredi, kwa sauti ya kukata, ya amri, cheo kwanza halafu jina. Kila jina likiitwa, ndugu walisimama wakainamisha vichwa, halafu wakakaa. Alikuwa anakaribia letu. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, vidole vikanifa ganzi.

"Mgambo Kasiano Mateo!"

"Afande!"

Sauti ilitoka nyuma yetu, ng'ambo ya kamba, nzito, safi, ya papo hapo. Niligeuka. Katikati ya watu, tenga la samaki likiwa limeanguka miguuni kwake, alisimama Selemani, wima kama mti, visigino vimegusana, mikono imenyooka pajani, kidevu juu. Alikuwa ameleta samaki sokoni, akaona umati, akasogea. Hakujua lolote. Alikuwa ameficha uso, jina na dini kwa miaka yote ile, lakini mtu alipomwita kwa sauti ya paredi mwili wake uliitika kabla yeye hajaamua. Nilimwona akili ikimrudia. Macho yalimtoka, mdomo ule uliovutwa ukafunguka, na miguu ikabaki imesimama vile vile, haijui pa kwenda.

Watu wa karibu naye wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Huyu kalewa asubuhi." Mimi nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilimjua na nilitaka anione nimekaa mbele na soda. Nilikuwa nainua mkono kumpungia. Askari wawili waliokuwa kwenye kamba waligeuza vichwa. Afande alinyanyua uso kutoka kwenye daftari. Na Balozi, pembeni yangu, ambaye hakucheka, alianza kugeuka kwenye kiti chake, polepole, kwa utaratibu, kama alivyokuwa anazungusha macho uani kwetu.

Hapo Bibi akalia.

Sijawahi kusikia sauti ile kabla wala baada ya siku hiyo. Aliruka kutoka kwenye kiti akajitupa chini mbele ya jiwe jeupe, akaangua kilio cha msiba, kile chenyewe, cha kumwita marehemu kwa jina na kumwuliza kwa nini amemwacha. Mwanangu Kasiano umekufa. Umenifia mbali, sikukuosha, sikukuona. Alishika udongo akajimwagia kichwani. Kitambaa kilimtoka, mvi zikawa wazi mbele ya wakuu wa mkoa. Wanawake wa mistari ya nyuma, ambao nao walikuwa na wafu wao, waliitikia, kilio kikapokelewa kiti kwa kiti mpaka uwanja wote ukawa unalia. Afande alifunga daftari. Askari wale wa kamba walikimbia kumwinua Bibi. Baba alipiga magoti kando yake, akilia kweli. Na mimi nilisimama na chupa yangu, nikijua kwamba nimefanya jambo kubwa, baya, na sijui ni lipi.

Nilipotazama nyuma tena palikuwa na tenga tu, na watoto wanaokota samaki.

Kwenye lori wakati wa kurudi, tulipokaribia nyumbani, Balozi aliinama kwa Bibi. Nilikuwa katikati yao, nilisikia. Alisema kwa ile sauti yake ya upole, "Sasa umelia, mama. Umelia mbele ya nchi. Pika pombe tumalize, na aliyekwenda asirudi." Miaka mingi nimeligeuza neno lile. Sijui hadi leo kama lilikuwa la kumtisha au la kumsaidia. Labda yeye mwenyewe alitaka liwe yote mawili.

Bibi akaotesha ulezi kesho yake. Pombe ilipikwa, ukoo ukaja, padri alikuwa amesoma misa ya marehemu, koti la Kasiano akapewa binamu, jembe akapewa baba. Balozi alionjeshwa wa kwanza, akasema ni tamu. Jioni ile, kwenye rozari, Bibi alitaja wazima, akapumua, akasema, "Na marehemu wetu," na Kasiano akamweka huko. Nikafurahi kwamba hatimaye amenisikia.

Selemani hakupanda tena. Niliuliza mara moja, Mama akasema wauza samaki hubadilisha njia. Bibi hakuchinja kuku mwaka ule wote. Ungedhani ningefaidi, lakini hata mayai alikuwa anayaacha kwenye kiota.

Ilipita kama miaka miwili. Nilikuwa na umri wa kumsaidia jikoni, na siku hiyo alikuwa anachekecha unga wa ulezi, mimi nachochea moto. Balozi alikuwa amepita kuzungumza na baba, hakumkuta, akaamua kumsubiri; alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko na bakuli la togwa. Akaja mama mmoja mgeni kutoka Bondeni, na fungu la samaki kwenye khanga. Aliamkia, akatua mzigo.

"Bibi, wewe ndiye mama wa hapa? Kuna mtu alikuwa anawaletea samaki zamani, Selemani. Aliniambia nikipanda huku nipite. Amefariki. Homa, siku nne tu. Tumemzika Ijumaa, baada ya swala."

Balozi alishusha bakuli, akainua uso, akamtazama Bibi.

"Poleni," Bibi alisema. Chekeche lilikuwa linaendelea kwenda na kurudi. "Alikuwa mtu mzuri. Nani alimwosha?"

"Wazee wa msikiti wetu."

"Walimwosha vizuri?"

"Vizuri, Bibi. Hata ndevu walimchana."

"Asanteni," alisema Bibi, na akamwuliza bei ya samaki.

Mgeni alipoondoka Balozi alibaki. Bibi alimaliza kuchekecha. Kisha akaniambia, bila kugeuka, "Tia kuni mbichi."

Kuni Ufipa si kitu cha kuchezea, na zile mbichi tulikuwa tumeziegemeza ukutani zikauke mpaka mwezi ujao. Nikamwambia zitatoa moshi, Bibi. Akasema tena, "Nimesema tia." Nikatia. Nikatia zote, kwa hasira, nikapuliza. Moshi ulijaa, mzito, wa manjano, ukatoka kwa mlango, na Balozi akaanza kukohoa, akachukua kigoda chake akahamia mbali, upande wa zizi, akitukana taratibu.

Mtu aliyeliliwa msiba wake uwanjani, akanywewa pombe, akasomewa misa, haliliwi mara ya pili. Mama anayemlilia mfu wa miaka yote ile siku ambayo muuza samaki amekufa angekuwa ametoa jibu ambalo Balozi alikuja kulisubiri pale mlangoni miaka yote, na baba yangu, aliyetia sahihi, angeulizwa. Kilio chake chote Bibi alikitoa siku ile mbele ya jiwe, mwanawe akiwa mzima, ili aendelee kuwa mzima. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba macho yananiwasha.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe la kusagia, nikimnunia. Nilimwambia Mama kwamba Bibi sasa amechakaa akili, anachoma kuni mbichi. Kutoka ndani ya moshi nilimsikia anakohoa, anakohoa, kikohozi kirefu kisichokatika, na nikajiuliza kwa nini asitoke tu nje kama sisi.